Begi Jekundu Lililoondoka Alhamisi

Mimi sijawahi kupoteza mzigo. Muulize yeyote pale Kathmandu anayepeleka wageni milimani, atakwambia ukitaka begi lako lifike, mpe Urken. Nimepitisha mizigo kwenye maporomoko, nimeipitisha kwenye migomo, nimeipitisha kwenye mvua iliyozoa daraja zima na mbuzi wawili waliokuwa juu yake. Mbuzi hawakuonekana tena. Mizigo ilifika, na haikulowa.

Hayo niliyasema kwa sauti, Jumamosi asubuhi, ndani ya ndege ya kwenda Nepalgunj, nikiwaambia Waslovenia watatu ambao hawakuwa wameniuliza kitu. Muda wa saa moja hivi baadaye tulitua, na sifa zangu zote zikashukia hapohapo.

Tulikuwa tunaenda kupanda mlima usio na jina. Kwenye ramani una namba tu, na ramani mbili zina namba mbili. Uko Humla, kaskazini kabisa, siku saba kwa miguu kutoka Simikot. Simikot nako unafika kwa ndege ndogo inayotoka Nepalgunj asubuhi tu, kabla upepo wa bondeni haujaamka. Hakuna aliyewahi kusimama juu ya mlima huo. Waslovenia walitaka kuwa wa kwanza, na upande wetu aliyeandikwa kuwaongoza alikuwa Dada Yangji, binti wa mama yangu mkubwa.

Miaka kumi na moja Dada Yangji alikuwa nyuma ya kamba za wanaume. Alibeba, alifunga, aliyeyusha theluji ikawa chai, na picha zilipopigwa kileleni yeye ndiye aliyeshika kamera. Safari hii, kwa mara ya kwanza, angekuwa mbele. Bwana Matej, kiongozi wa wageni, mtu mrefu mwenye tabia ya kung'oang'oa ndevu zake akifikiri, alimchagua mwenyewe. Ofisini wapo walionuna. Kaka Jangbu, ambaye angekuwa wa pili wake, hakununa. Yeye alitabasamu, na mimi tabasamu la Kaka Jangbu naliogopa kuliko barafu inayolia usiku.

Basi tulitua, joto likatupokea kama mtu aliyekuwa akitudai, mizigo ikaletwa kwa mkokoteni, nikaanza kuhesabu kwa madaha. Moja, mbili, mpaka kumi na saba. Nikafunga daftari kwa kishindo.

"Kumi na saba. Nilisema nini?"

"Langu liko wapi?" akauliza Dada Yangji.

"Humo humo, dada."

"Langu ni jekundu, Urken. Hapa kuna jekundu?"

Nikatazama. Kulikuwa na bluu, njano, nyeusi, na moja la kijani jipya ambalo sikuwahi kuliona. Mslovenia mmoja mwenye pua iliyobabuka akalikumbatia lile la kijani kwa furaha. Kumbe Ijumaa jioni alikuwa ameingia sokoni, akanunua begi, akalijaza jibini na soksi. Ndiyo maana hesabu yangu ilikaa sawa.

Na papo hapo, kabla sijapepesa jicho, nilijua begi jekundu liko wapi. Lilikuwa chini ya kitanda cha Bibi Ganga Maya, jirani yetu, mtaa wa Kapan, Kathmandu. Nililipeleka mwenyewe.

Nieleze, maana usije ukaniona punguani mapema kuliko ninavyostahili. Sisi hatuanzi safari siku yoyote tu. Mama yangu humuuliza lama, mtawa wetu wa Kibudha, kisha humuuliza na mnajimu wa Kihindu wa nyumba ya tatu, akipata majibu mawili anachukua lile linalotisha zaidi. Safari hii wote wawili walikubaliana: Jumamosi ni mbaya kwa Yangji, tena kwa mwaka wake wa kuzaliwa ni mbaya mara mbili. Saa njema ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Tiketi zilikuwa za Jumamosi na ndege haijui mambo ya nyota, kwa hiyo tukafanya kama watu wote wafanyavyo. Unachukua kitu cha msafiri, unakitoa nje ya nyumba saa ile ile njema, unakilaza chini ya paa la mtu mwingine. Hapo safari imeshaanza. Siku ya kuondoka unapita kukichukua, unaendelea tu na safari iliyokwisha kuanza.

Watu wenye akili hutoa kitambaa chenye konzi ya mchele. Dada Yangji, aliyeshinda wizarani Jumatano nzima akihangaikia kibali, alimwambia mama kwenye simu, "Chukueni chochote changu." Mimi nikawaza: anayepanda mlima ni nani, kitambaa au mabuti? Nikabeba begi zima la mabuti. Nilijiona nina falsafa.

Jumamosi alfajiri teksi ilipiga honi mara sita, mvua ikaanza kunyunya, nikahesabu kumi na saba, nikaingia mbele kwa dereva. Kitu cha kupita kukichukua kwa Bibi hakikunijia hata kwenye ndoto.

Sasa nilikuwa nimesimama Nepalgunj na watu watano wananitazama. Kinywa changu kina tabia ya kutangulia.

"Watu wa ndege wameliacha Kathmandu," nikasema. "Washenzi hawa."

"Si ulisema hujawahi kupoteza mzigo?" Kaka Jangbu aliniuliza kwa upole.

"Sijapoteza mimi. Wamepoteza wao."

Tukaenda dirishani. Karani wa mizigo aliitwa Rizwan, mtu mwembamba wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alisikiliza, akaomba vipande vya tiketi za mizigo, akavipanga juu ya meza kama karata.

"Vipande kumi na saba," akasema. "Mabegi?"

"Kumi na saba," akasema Dada Yangji.

"Basi dada yangu, kilichopotea ni kipi?"

Swali zuri kabisa. Kama kuna siku mtu alikaribia kuninyonga kwa adabu ni siku ile. Nikaliruka. "Mzee, wewe unahesabu karatasi au unatafuta begi? Watu wa Kathmandu wamebandika karatasi ya begi letu kwenye begi la huyu mgeni. Hukuona begi jipya pale? Piga simu."

Bwana Rizwan alivikusanya vile vipande. "Nitapiga," akasema. "Lakini karatasi huwa hazidanganyi, kijana. Hazina sababu."

Nilitoka nje, nikajificha nyuma ya gari la maji, nikampigia mama.

"Mama, lile begi jekundu."

"Si mmeondoka nalo."

"Liko kwa Bibi Ganga Maya."

"Wewe uliambiwa utoe kitambaa."

"Nilitoa begi."

"Lina nini?"

"Mabuti."

"Ya Yangji? Urken, mabuti ya Yangji?"

"Mama, usipige kelele."

"Sijapiga bado. Bibi ameondoka leo asubuhi kwenda kwa binti yake Bhaktapur. Ufunguo ameondoka nao. Mwambie dada yako ukweli."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Likifika."

Mama akakata simu. Nilijiambia ni mtandao.

Mabuti yale yalikuwa na kisa. Dada Yangji ana vidole vitatu kwenye mguu wa kushoto. Viwili vilibaki kwenye mlima mwingine, kwenye baridi, akimsubiri mteja aliyekuwa akipiga picha. Fundi mmoja wa mtaa wa Boudha alimchongea kipande cha kujaza nafasi ile ndani ya buti, akakijaribu na kukisugua miezi miwili mpaka kikakaa. Mguu wenyewe ni mdogo kama wa mtoto wa shule. Hakuna wa kumwazima. Bila mabuti yale, Dada Yangji angeweza kuutazama ule mlima kutoka chini kama watalii wengine.

Jumapili, saa kumi na moja asubuhi, tulikuwa uwanjani. Watu wa Humla walishajaa, na mabati yao, magunia ya mchele, kuku kwenye kapu, bibi mmoja aliyekuwa akisubiri siku ya tano na alikuwa ameshapanga mahali pake kama sebule. Habari ikaja kutoka Simikot kwamba kumefunga, mawingu yamelala juu ya uwanja. Watu wote wakaguna. Mimi nikainua macho juu, nikashukuru.

Fikiria hali yangu. Watu mia moja wanaomba mbingu zifunguke, mimi mmoja naomba zifungwe, na siku hiyo nikashinda.

Tulirudi hotelini. Hoteli ilikuwa na feni iliyozunguka umeme ukiwepo, na umeme ulikuja kama mgeni asiyependa kukaa. Waslovenia walilala sakafuni kwenye vigae, wakigeuka kila baada ya dakika kumi kutafuta kigae chenye ubaridi. Bwana Matej alitembea ukumbini, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Kaka Jangbu alinoa meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, ingawa yalishanolewa Kathmandu. Sauti ile, krii, krii, ilikuwa inaniingia kwenye jino. Na Dada Yangji hakukaa hata dakika. Alivua ndala, akavaa ndala, akaenda uwanjani kwa Bwana Rizwan, akarudi, akaenda tena.

"Amesema nini?" nilimuuliza aliporudi mara ya tatu.

"Amesema Kathmandu hawalioni."

"Waongo."

"Urken, wewe ulilipakia kwenye teksi kwa mkono wako?"

"Dada, mimi napakia mizigo tangu nina miaka kumi na sita."

Ona jibu hilo. Halina uongo hata punje, na halimjibu mtu kitu. Shuleni mwalimu wetu wa uraia alisema nitakuwa mbunge.

Jumatatu walituita. Tulipimwa kwenye mzani, mmoja mmoja, na mifuko yetu mikononi, maana ndege ile hubeba kilo na si watu. Tukaingia, rubani akawasha, ndege ikatetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi. Dada Yangji alikuwa ameketi mbele yangu na viatu vya kutembelea. Alikuwa amemwambia Bwana Matej kwamba atakwenda hivyo hivyo hadi Simikot, begi likiletwa litamfuata. Bwana Matej alipeleka mkono kidevuni. Aling'oa unywele wa ndevu.

Rubani akazima. Upepo umeamka Simikot mapema. Shukeni.

Nilishuka wa kwanza, miguu myepesi. Mchana ule mama akapiga. Bibi angerudi jioni, na kesho begi lingepanda basi.

"Nani atalisimamia?" nikauliza. "Makonda wa basi la Nepalgunj wanauza mpaka taulo zako."

"Nitampa mtu wa kuaminika."

"Nani?"

"Urken, mtu aliyesahau begi hana haki ya kuuliza maswali."

Sikuuliza tena.

Jumanne mawingu yalifunga tena, na Dada Yangji akanivuta twende sokoni. Alitaka kutafuta buti lolote. Nepalgunj ni mji wa tambarare, wenye joto la kuivisha embe juu ya meza. Huko watu wanauza ndala, makubazi na viatu vya harusi. Tulipita maduka kumi na nne. Mwenye duka mmoja, bwana mnene mwenye utani, alisikiliza mahitaji yetu mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na buti za mpira za kulimia mpunga.

"Hizi haziingizi maji," akasema.

"Maji yenyewe yameganda, baba," Dada Yangji akamwambia.

"Basi kazi yake ni nyepesi zaidi."

Dada Yangji akacheka. Alicheka kweli, mkono kifuani, mpaka akakaa kwenye kibao cha kujaribia viatu. Kisha kicheko kikaisha na yeye akabaki amekaa. Alivua ndala ya kushoto, akautazama ule mguu wake.

"Unajua nikibaki wataandika nini?" akaniuliza.

"Wataandika begi lilipotea."

"Wataandika Yangji alibaki. Sababu hawaandiki. Mwaka ujao mtu akitaka kumweka mwanamke mbele, watamwambia kulikuwa na mmoja, alibaki Nepalgunj."

Nilikuwa na maneno kwenye ulimi, naapa. Yalikuwa pale, yamepangwa: dada, begi liko njiani, limepanda basi saa sita leo. Ningesema hayo, angekwenda kwa Bwana Matej na kumwambia nipe siku moja tu, najua liko wapi. Mtu anayejua mzigo wake uko wapi anaweza kuomba kusubiriwa. Aliyepotelewa haombi kitu.

Nikasema, "Tujaribu duka la mwisho."

Tulipofika hotelini, Bwana Matej alikuwa amekwisha amua. Ndege ya kwanza itakayoruka, msafara unaruka. Kibali kina tarehe zake. Kama mabuti hayapo, Jangbu anashika mbele na Yangji anabaki. Aliyasema bila kumtazama Dada Yangji, akitazama feni iliyosimama.

"Ndugu yangu, pole," Kaka Jangbu akamwambia Dada Yangji. "Mambo ya ndege haya, nani angejua."

"Nani angejua," akajibu Dada Yangji.

Kisha Bwana Matej akatoa barua. Alikuwa amewaandikia wakubwa wa shirika la ndege, kurasa mbili, na jina la Bwana Rizwan lilikuwa humo mara nne: mzembe, asiyejali, aliyewaambia kwamba hakuna kilichopotea. Alitaka sahihi ya shahidi aliyeipakia mizigo. Akanipa kalamu.

Nikatia sahihi. Nina sahihi nzuri, yenye mkia.

Jioni ile nilipita karibu na uwanja kununua sambusa nikamwona Bwana Rizwan akifunga dirisha lake. Barua ilikuwa imeshamfikia mkubwa wake. Aliniita kwa kidole.

"Kijana, nina miaka kumi na tisa hapa. Kesho nimeambiwa niandike maelezo. Nimepiga simu Kathmandu mara saba kwa ajili ya begi la dada yako. Wewe una hakika lilipakiwa?"

"Mzee, mimi ni mtu wa mizigo."

"Na mimi pia," akasema. Akavuta komeo, akaondoka na baiskeli yake.

Sambusa sikuzimaliza. Nilimpa mbwa, na mbwa alizinusa kwanza.

Jumatano basi lilikuwa lifike saa kumi na mbili asubuhi. Nilitoka hotelini saa kumi na moja, nikiwaambia naenda kuangalia hali ya hewa, kama vile hali ya hewa inaangaliwa kituo cha mabasi. Mbingu juu yangu ilikuwa safi. Ilikuwa safi mno, hakuna hata uzi wa wingu. Saa kumi na mbili basi hakuna. Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia, Kaka Jangbu.

"Uko wapi? Simikot kumefunguka. Wanatuita."

"Nakuja."

"Harakisha, mzee wa mizigo. Nani atahesabu?"

Nilizunguka mti wa pale kituoni mpaka muuza chai akaniomba niache, namzungusha kichwa. Basi likaingia saa moja kasorobo, limejaa vumbi, kioo kimoja kimebandikwa gazeti. Konda alikuwa juu ya paa akifungua kamba. Nililiona jekundu lile kabla halijashuka.

"Hilo. Hilo jekundu, nirushie."

"La mama wa Kapan?"

"Ndiyo, la mama wa Kapan. Rusha."

Akarusha, nikalidaka kifuani, likanipiga hatua tatu nyuma. Nikaligeuzia basi mgongo; humo ndani watu walikuwa wakiamka, wakijinyoosha, mtu mmoja akigonga kioo cha dirisha. Sikugeuka. Nilirukia bajaji ya kwanza.

Uwanjani Waslovenia walishapimwa. Kaka Jangbu alikuwa amesimama juu ya mzani, na Bwana Rizwan akiandika kilo zake. Dada Yangji alikuwa pembeni, kando ya ukuta, hana mfuko wala kitu, ameshika mikono yake kama mtu aliyekuja kusindikiza.

Nilitupa begi miguuni pake.

Alipiga magoti, akavuta zipu, akaingiza mkono ndani ya buti la kushoto mpaka kwenye ncha, akakigusa kile kipande cha fundi wa Boudha. Alifumba macho. Alipoyafumbua alikaa chini sakafuni, mbele ya watu wote wa Humla na kuku wao, akaanza kuvua viatu.

"Matej," akasema, "niko tayari kupimwa."

Bwana Matej alicheka, mara ya kwanza tangu Kathmandu. Akamgeukia Jangbu na kumwonyesha kwa kichwa ashuke mzanini ampishe. Kaka Jangbu alishuka, tabasamu lake likawa dogo kama la picha ya pasipoti.

"Limepatikana wapi?" Bwana Matej akaniuliza.

Hapo ningesema limepatikana kwa bahati tu, yakaisha. Lakini watu walikuwa wakinitazama vizuri, na mtu akitazamwa vizuri baada ya siku nne za kutazamwa vibaya, ulimi hupata mabawa.

"Kwenye stoo yao," nikasema. "Stoo ya shirika, nyuma kule, chini ya maturubai. Nimewabana tangu jana. Waliniambia halipo, nikawaambia fungueni, sitoki hapa. Nikaingia mwenyewe, nikafukua. Lilikuwa limelaliwa na mashine ya kusaga." Nikamgeukia Bwana Rizwan. "Nilikwambia, mzee. Lilikuwa kwenu muda wote."

Bwana Rizwan aliweka kalamu chini. Watu wa Humla wakaanza kunong'ona, na yule bibi wa siku tano, sasa siku ya nane, akasema shirika hili hata yeye lilimpotezea gunia. Bwana Matej akaitoa ile barua mfukoni, nakala yake, akaikunjua juu ya dirisha la karani. "Umesikia?" akamwambia. "Nyuma, kwenye stoo yenu."

"Nimesikia," akasema Bwana Rizwan. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Stoo yetu nyuma ilibomolewa mwaka jana, bwana. Lakini nimesikia."

"Nyuma ya nyuma," nikasema.

Nje bajaji ilisimama kwa breki inayolia. Mlangoni kukawa na mabishano na askari, kisha sauti niliyoifahamu tangu utotoni ikasema yeye haendi na ndege, kaja kumwona mtu, na kama askari anataka kumpekua ampekue akiwa amekaa, maana kiuno hana. Bibi Ganga Maya akaingia. Sari yake ilikuwa imekunjamana, nywele zimejaa vumbi la barabara nzima ya kutoka Kathmandu, na mikononi alishika chungu kidogo cha mtindi kilichofunikwa kwa jani, kwa uangalifu wa mtu aliyekishika hivyo kwa muda wa saa kumi na nane.

"Urken, mjukuu wangu, una miguu ya mwizi," akasema. "Nimekugongea kioo mpaka vidole vimeuma. Konda ndiye kaniambia umekimbilia huku."

Nilitaka kumkumbatia, nimgeuze, nimtoe nje kwa mapenzi makubwa. Alinipita.

"Msafiri wangu yuko wapi? Yangji. Ndiye huyu. Kaa hivyo hivyo, mwanangu, usisimame." Akainama, akafunua chungu, akafungua pindo la sari, akachanganya mtindi na mchele na unga mwekundu kwenye kiganja, akambandika Dada Yangji baraka hiyo ya safari kwenye paji la uso, tabaka juu ya tabaka. "Mama yake huyu alitaka kumpa konda. Nikamwambia hapana. Kitu cha safari kikilala kwangu, mimi ndiye nakikabidhi mkononi kwa msafiri, hata kama ni kwa basi, hata kama natapika njia nzima. Na nimetapika. Halikuguswa, mwanangu. Limekaa chini ya kitanda changu tangu Alhamisi."

Dada Yangji alikuwa anafunga buti la pili. Vidole vyake vikasimama.

"Alhamisi gani, Bibi?"

"Alhamisi hii. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa namwagilia maua. Kijana akaja nalo begani anahema. Nikamwambia mjukuu, watu huleta kitambaa. Akaniambia Bibi, kitambaa hakipandi mlima."

Bwana Matej hakuelewa lugha ya Bibi, akamtazama Kaka Jangbu. Kaka Jangbu akaanza kumtafsiria taratibu, neno kwa neno, na lile tabasamu lilirudi likiwa na afya tele. Bwana Rizwan alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akavuta karatasi nyeupe aliyoambiwa aandikie maelezo yake.

"Bibi," akasema, "karibu kiti. Naomba urudie tangu kwenye maua."

Nikafungua mdomo.

"Funga, Urken," akasema Dada Yangji, mtindi ukimchuruzika puani, kamba ya buti bado mkononi. "Bibi anaongea."